Lelemama, vugo, beni au dansi la zilipendwa: ngoma ipi iwafae wazee wenye uwezo tofauti

Familia, kikundi cha wazee au uongozi wa mtaa unapotaka kuanzisha mafunzo ya ngoma kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, kwanza hutafutwa mwalimu, kisha hutafutwa ukumbi, na ngoma yenyewe huachwa iwe ile anayoijua mwalimu aliyepatikana. Kwa miaka kadhaa nimeongoza vipindi vya namna hiyo hapa Tanga, mara mbili kwa wiki, pamoja na wazee wanaotembea bila shida, wanaotembea kwa mkongojo, waliopooza upande mmoja kwa kiharusi, wenye mtoto wa jicho, na wanaoletwa katika viti vya magurudumu. Nimejifunza kwamba aina ya ngoma ndiyo inayoamua nani atarudi wiki inayofuata na nani atabaki nyumbani akisema magoti yamemzidi. Ndiyo maana ninaandika ulinganisho huu, ili anayechagua achague akijua anachokipata na anachokikosa.

Ninazipima ngoma hizi kwa maswali matatu. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni hili: mtu aliyekaa yumo ndani ya ngoma, au amewekwa pembeni atazame? Katika mila zetu anayepiga vumi, ile ngoma kubwa ya mlio mzito, anayeimbisha, wanaoitikia na anayenyanyuka kwenda kutunza wote ni wachezaji wa ngoma ile, na hakuna aliyewahi kuwaita watazamaji. La pili ni kama mzee aliwahi kuicheza ngoma hiyo au kuiona ikichezwa na mama yake. La tatu ni mzigo ambao ngoma inautwika mwili, yaani magoti, nyonga, mabega na pumzi. Wataalamu wa mazoezi huanza na swali la tatu, na sishangai, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Lakini mzee hafungi safari ya daladala kwa ajili ya nyonga zake. Huja kwa sababu kuna wimbo anaoujua na kuna nafasi inayomngoja.

Lelemama

Katika ngoma zote nilizozijaribu, lelemama ndiyo iliyobeba watu wengi zaidi kwa wakati mmoja. Wanawake hujipanga safu, sare zao zimefanana, na mwendo wenyewe ni mdogo: kiganja hugeuzwa taratibu, bega hufuata, shingo huelekea upande mmoja na kurudi, huku miguu ikisogea kidogo tu au isisogee kabisa. Uzuri wake uko katika utulivu na katika kulingana, na utulivu ni jambo ambalo mwanamke wa miaka 75 analiweza kuliko msichana wa miaka 20. Ni nadra kupata zoezi ambalo mzee analifanya vizuri kuliko kijana, na wazee wanalitambua hilo mara moja. Utaona jinsi wanavyonyoosha migongo.

Lelemama pia ina historia ambayo wanawake hawa wanaihesabu kuwa yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa sare, kwa karamu na kwa mashairi ya mafumbo yaliyochomana vikali. Mjini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla ya kuingia katika kazi ya TANU mwaka 1955, na vikundi vya ngoma ndivyo vilivyokuwa njia yake ya kuwafikia wanawake. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka huo leo ameshavuka 80. Anayafahamu majina ya vyama, anakumbuka kitambaa cha sare, na mara nyingi anakumbuka ubeti ambao mwalimu hajawahi kuusikia, kwa hiyo katika darasa la lelemama mwanafunzi humfundisha mwalimu, na hilo peke yake linatosha kumrudisha wiki ijayo.

Kasoro yake ni kusimama. Mwendo ni mwepesi, lakini kusimama mahali pamoja kwa dakika 15 huvimbisha miguu na kuumiza magoti kuliko kutembea kwa muda uleule, na mwenye presha inayoshuka anaweza kupata kizunguzungu. Dawa yake ni rahisi. Weka benchi refu, nusu ya safu wakae, nusu wasimame nyuma yao, kisha baada ya kila wimbo wabadilishane wanaoweza kubadilishana. Kwa kuwa ngoma yenyewe iko mikononi na shingoni, anayeitazama safu hiyo kwa mbele haoni pengo. Asiyesikia vizuri akae karibu na mpigaji, kiganja chake kiwe juu ya ubao wa benchi au ubavuni mwa ngoma, apokee mdundo kwa mkono.

Jambo la pili ni kwamba lelemama ni ya wanawake. Wanaume wa darasani wanaweza kupiga ngoma na upatu, lakini wakiwa wengi utahitaji ngoma nyingine kando yake.

Vugo

Vugo ni jirani wa lelemama, ila chombo chake ni pembe ya nyati inayopigwa kwa kijiti, na makazi yake ni harusini, wanawake wakiimba na kupiga pembe kwa pamoja. Kwa wazee wenye viungo dhaifu ina faida moja ambayo lelemama haina: kila mmoja ana kitu mkononi. Anayesahau hatua, au anayeanza kusahau hata siku na majina, hapotei, kwa sababu pembe iko mkononi mwake na sauti ya pembe ya jirani inamwambia wakati wa kupiga.

Nina mama mmoja ambaye mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu alipopata kiharusi. Kwa kawaida pembe hushikwa kwa mkono wa kushoto na kijiti kwa mkono wa kulia, na wiki mbili za mwanzo alikaa na pembe mapajani bila kuigusa. Wiki ya tatu mwenzake alimkunjia khanga, akaiweka mapajani mwake kama kata, akailaza pembe juu yake, na kuufunika mkono ule dhaifu juu ya pembe ili usiteleze. Kijiti akampa mkono wa kushoto. Pigo lake lilikuja nyuma ya wengine, likawa linaitika pale wenzake wanaponyamaza, na mwimbishaji, badala ya kumsahihisha, akaurefusha mstari wake ili pigo lile lipate mahali. Tangu siku hiyo tunaupiga wimbo huo hivyo. Mkono wa kulia nao, ambao kazi yake ilikuwa kutulia tu, baada ya miezi kadhaa ulianza kuikaza ile pembe. Sidai kwamba pembe ndiyo iliyomponya, kwa kuwa alikuwa pia akienda kwa daktari wa viungo, lakini ninajua ni wapi alipoutumia mkono ule kwa hiari yake.

Vugo ina gharama yake. Pembe za nyati hazipatikani ovyo, na wengi wetu tunatumia za ng'ombe, ambazo sauti yake ni nyembamba kidogo. Sauti ya pembe 20 katika ukumbi wenye bati na sakafu ya saruji ni kali mno kwa mwenye kifaa cha kusaidia masikio, kwa hiyo ni bora kukaa barazani au chini ya mwembe. Mwenye baridi yabisi ya vidole apewe kijiti kinene kilichozungushiwa kitambaa, kwa kuwa kijiti chembamba humlazimisha kukaza ngumi.

Beni na mganda

Ikiwa tatizo kubwa la wazee wako ni mwendo, yaani hatua fupi, kuburuta miguu na woga wa kuanguka, basi lelemama na vugo hazitatosha, na hapo ndipo beni inapozishinda zote. Beni ilizaliwa katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea Tanganyika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, kwa vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na sare, gwaride na vyeo kamili. Ukoo wake unaonekana katika mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, wanaume wakiwa safusafu na hatua nadhifu, na kwa wanawake wa huko kuna kioda.

Hatua ya gwaride ina mdundo ulio wazi, moja mbili, moja mbili, na mdundo wa namna hiyo huwasaidia hata wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao miguu yao huganda kana kwamba imegundishwa sakafuni. Kundi la dansi la Mark Morris la Brooklyn, Marekani, limekuwa likiendesha madarasa ya wagonjwa hao tangu mwaka 2001, na wengi nchini mwetu hudhani ni jambo la kigeni lisilotuhusu. Lakini sisi tuna vumi, na vumi halihitaji umeme.

Aliyekaa naye je? Hapa watu wengi huikataa beni haraka, wakisema ni ngoma ya miguu. Wamesahau vyeo. Vyama vya beni vilikuwa na wafalme na majenerali wao, na mkubwa kukaa akapigiwa saluti ni sehemu ya mchezo tangu asili, wala si nafasi ya huruma iliyobuniwa kwa ajili ya mgonjwa. Mzee wa kiti cha magurudumu hutangulia na kifimbo chake, hutoa amri ya kuanza na kusimama, na safu nzima humtegemea. Kiti chenyewe huingia gwarideni bila shida maadamu njia ni tambarare. Mzee mmoja wa darasa langu, aliyewahi kufanya kazi ya reli, hutoa amri zake kwa sauti iliyowahi kusimamisha gari moshi, na siku asipokuja gwaride letu hulegea.

Hatari ya beni ni kugeuka na kusimama ghafla, kwa kuwa kugeuka huwayumbisha wazee kuliko kwenda mbele. Mfundishe mwalimu kugeuza safu kwa duara pana, hatua nne au tano, wala asikubali ile geuka nyuma ya askari. Msaidizi mmoja kwa kila wazee wanne wanaohitaji kushikwa ndicho kiwango tunachokifuata, na asipopatikana tunapiga gwaride tukiwa tumekaa, visigino vikigonga sakafu.

Dansi la zilipendwa

Kwa mijini, hasa Dar es Salaam na Morogoro, hili ndilo litakalojaza ukumbi haraka zaidi. Aliyekuwa kijana wakati bendi ya NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilipoanzishwa mwaka 1964, au Mlimani Park mwaka 1978, ana nyimbo hizo mwilini. Gitaa la kwanza likilia tu, mabega huanza kabla mwenyewe hajaamua. Rumba ya Kongo, ambayo ndiyo iliyolea sehemu kubwa ya muziki huo, iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Huhitaji mpigaji wala pembe, spika moja inatosha, na wanawake na wanaume huwa pamoja. Kenya ya kati ina ndugu yake, mwomboko, unaochezwa kwa jozi kwa mlio wa kinanda cha mkono na karing'aring'a ya chuma, na wazee wa Murang'a na Nyeri hawahitaji kufundishwa.

Kushikana mikono ni faida ya kweli kwa mizani ya mwili, kwa kuwa kila mmoja ni nguzo ya mwenzake. Papo hapo ndipo penye ugumu. Hapa Tanga wanawake wengi wa umri huo hawatashikana na mwanamume asiye mume wao au ndugu yao, na sioni sababu ya kuwashawishi. Unaweza kuwapanga wanawake kwa wanawake, lakini ujue kwamba kwa baadhi yao dansi lenyewe lina sifa ya klabu na pombe, hata kama darasani hamna ila chai ya tangawizi. Uliza kwanza, faraghani, na usiulize mbele ya watu.

Kwa aliyekaa, dansi ni dhaifu kuliko ngoma tatu nilizozitaja. Mwenzake anaweza kuketi mbele yake wakashikana mikono na kuyumba pamoja, na wapo wanaolifurahia hilo sana, lakini katika dansi la asili aliyekaa ni aliyepumzika, na wazee wanalijua. Nimemwona bwana mmoja, dansa hodari wa enzi zake, akitazama miguu ya wenzake kwa nusu saa nzima kisha akaomba arudishwe nyumbani. Tulipompa kazi ya kuchagua sahani za muziki na kueleza kila bendi kabla ya wimbo, alibaki, lakini ilitubidi tumtengenezee nafasi ambayo lelemama ingempa bibi wa umri wake bila kufikiria.

Nyingine kwa ufupi

Sindimba ya Wamakonde na isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, zinataka nyonga, magoti na pumzi kwa kiasi ambacho darasa lenye uwezo tofauti halitakimudu. Waliozaliwa nazo waachiwe dakika tano za kuonyesha, wakiwa na kiti imara cha kushika. Bugobogobo ya Wasukuma huinamisha mgongo, ila nyimbo zake za kulima zinaimbika vizuri katika kiti, mpini ukiwa mkononi bila jembe. Ndege ya Unguja, pamoja na miavuli yake ya rangi na hatua zake za polepole, inavutia macho kuliko zote, lakini mwavuli ulioinuliwa kwa dakika kumi ni mzito kwa bega bovu. Nyimbo za unyago zina heshima na siri zake, na hazifai mbele ya wakwe na wajukuu.

Wapo pia wazee waliorudi Hija wakaacha ngoma kabisa. Kwao kasida kwa tari, wakiwa wamekaa mkekani au kitini, huleta pumzi, mikono na sauti kwa pamoja, na wengi huikubali kwa moyo mweupe. Usiiite ngoma na usiichanganye na vugo katika kipindi kimoja.

Darasa la viti au darasa la pamoja

Uchaguzi wa pili, ambao waandaaji huufanya bila kuutaja, ni kuwatenga wanaokaa katika kipindi chao au kuwaweka wote pamoja. Darasa la viti peke yake ni salama zaidi, linahitaji wasaidizi wachache, na mwalimu mpya analimudu. Kwa mtu aliyetoka hospitali wiki chache zilizopita ndilo ninalolipendekeza, kwa mwezi mmoja au miwili. Zaidi ya hapo ninalipinga. Nimeona mtu akihamishiwa darasa la viti kwa sababu ya goti moja, na baada ya muda akaanza kujiita mgonjwa. Darasa la pamoja lina kazi nyingi kwa mwandaaji, lakini huko mtu hukaa wimbo mmoja na kusimama unaofuata kadiri siku ilivyomwamkia, bila tangazo wala ruhusa.

Kuhusu kipimo cha afya, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi. Vipindi viwili vya saa moja havifikii hapo, na mwandaaji asiwaambie wazee kwamba vinatosha. Utafiti wa Bronx, New York, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watu 469 waliokuwa na zaidi ya miaka 75 ulikuta kwamba, kati ya shughuli za mwili zilizochunguzwa, dansi peke yake ndilo lililoambatana na upungufu wa maradhi ya kusahau. Ninaupenda utafiti huo, ila inawezekana pia kwamba mwenye akili timamu ndiye anayeendelea kucheza.

Mwalimu

Msanii wa kikundi cha ngoma anaujua mdundo, lakini amezoea jukwaa na huharakisha. Mhudumu wa afya anajua presha na viungo, lakini mkononi mwake lelemama hugeuka kuwa mazoezi ya kuhesabu, na wazee huchoka. Ukilazimika kumchagua mmoja, mchague msanii aliyelelewa na bibi yake, kisha mwombe mhudumu wa afya aje mara moja kwa mwezi kupima presha na kuangalia nani anaficha maumivu. Mwimbishaji atoke miongoni mwa wazee wenyewe. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akipiga msondo na kuimba mbele ya watu katika uzee wake mkubwa kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwekea mwimbishaji kijana.

Mwalimu yeyote utakayemchukua, mtembeze ukumbini kabla ya siku ya kwanza. Kipindi kimoja tulipewa ukumbi uliokuwa umepigwa deki dakika chache kabla hatujaingia, na bibi aliyetangulia aliteleza mlangoni, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo mtu wetu hufika saa nzima mapema. Mikeka huondolewa kwa sababu kingo zake hukwaza vidole, viti huwa vyenye mikono na havitelezi, khanga hufungwa juu ya kifundo cha mguu, na mwenye sukari huulizwa kama amekula. Hapa pwani tunaanza baada ya alasiri jua likishapungua, na tunamaliza mapema ili anayeswali magharibi nyumbani afike kwake.

Kwa hiyo, kama wazee wako wengi ni wanawake wa pwani na viungo vyao havilingani, anza na lelemama kwa miezi mitatu na uongeze vugo pembe zikipatikana. Kama wanaume wapo na shida kubwa ni kutembea, anza na beni au mganda, umtafute jenerali kabla ya kutafuta mpigaji. Kama uko mjini, fedha ni kidogo na wote wanasimama, zilipendwa zitakufaa, maadamu umeandaa kazi ya yule ambaye siku moja atakuja na mkongojo. Na kama mzee wako mwenyewe hataki kutoka nyumbani, mchukue mwimbishaji mmoja na jirani anayejua kupiga tari, mkae naye barazani baada ya chai, mwanze wimbo wa ujana wake, kisha mwuache ubeti wa pili bila mtu wa kuuanza.